Baba wa Kukataa

Mzee Nduwayo hakuwa na chuki na Gloriose. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha akamwambia mpwawe Ndizeye, aliyetaka kumwoa, msichana mwenyewe akisikia, kwamba sura anayo na adabu anayo, ila nyuma yake hakuna mtu.

"Nikija kuposa nimwombe nani?" alisema. "Posa ni mtu aombwe, akatae, abembelezwe, akatae tena. Huyu nani atamkatalia?"

Nduwayo alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akaneemeka Ujiji kwa biashara ya mawese. Watu waliokwisha kupata paa juu ya vichwa vyao huwa wakali sana wa mila. Na bila kauli yake hapakuwa na ndoa. Jumatatu malori yangewazoa wakimbizi wa kambi ya mapokezi pale Bangwe na kuwapeleka kambi za mbali, bara. Waliokuwa na jamaa wa kuwapokea mjini wangebaki. Ndizeye alikuwa na mjomba. Gloriose alikuwa na blanketi.

Akaenda kwa Mzee Térence, aliyekuwa mwalimu huko kwao, akamkuta akifumua gunia la mkonge atengeneze ndevu za mchezo wa kuigiza.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisimamie kama baba."

"Marahaba. Omba kingine, mwanangu. Ubaba niliuacha ziwani. Jumapili kwenye mchezo nitakuwa baba yako, kwa kuwa mchezo una mwisho."

Kambi nzima ilijua habari yake. Boti ilikuwa na nafasi moja, akampandisha binti yake Iradukunda, na boti ile haikufika popote. Tangu hapo Térence hakugusa maji ya tangi la kambi, kwa sababu yalivutwa ziwani. Alipanda mlimani na dumu lake kufuata chemchemi. Gloriose aliyajua yote hayo, na bado alimchukia siku ile.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kale. Bibi zao waliucheka misheni, na mama zao wakaucheka. Baba mkaidi anawafukuza wachumba wa bintiye, hadi kijana mmoja anajibandika ndevu, anajifanya mzee muuza pombe, na kumnywesha baba kwa mrija mmoja naye. Ukishanywa na mtu hivyo huwezi kumnyima. Gloriose, aliyecheza binti, alishangaa kuona kwenye mazoezi wanawake waliozika watoto njiani wakicheka hadi kushika mbavu. Baadaye akaelewa. Katika mchezo ule, balaa kubwa kuliko yote duniani ni baba kusema hapana. Hakuna anayewindwa, na nyumba inasimama tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo walilolifuata.

Jumapili walikuja hata wenyeji wa Bangwe, kuwacheka wakwe zao wenyewe kupitia baba yule mkaidi. Nduwayo alikaa mbele, kofia kichwani. Pombe ilikatazwa kambini, hivyo chungu kilijazwa maji ya tangi, na Térence, kama kawaida yake, aligusisha tu midomo kwenye mrija.

Oswald, aliyecheza mchumba, akabandua ndevu. "Baba, tumekunywa pamoja. Nipe binti."

Hapo Térence alipaswa kucheka na kumpa mrija. Badala yake alimshika Gloriose mkono. "Sitoi."

Watu wakaangua kicheko. Oswald akamnong'oneza maneno aliyopaswa kusema.

"Sitoi," alisema Térence. "Nilishatoa mmoja. Nilimnyanyua kwa mikono hii nikamtia kwenye boti na watu nisiowajua. Huyu sitoi."

Kicheko kikafa. Gloriose alipandwa na hasira, kwa maana mzee alikuwa anaharibu mchezo mbele ya mtu aliyemhitaji. Ndipo akamwona Nduwayo anainuka. Alivua kofia, akaingia uwanjani, akamsogeza Oswald pembeni na kuchuchumaa kama achuchumaavyo mshenga.

"Mzee mwenzangu, tumekuja kuomba."

"Sitoi."

"Tumesikia. Tunaomba tena."

"Sitoi."

"Atakaa kwangu Ujiji. Hatavushwa maji."

Térence aliligeukia ziwa. "Hatapanda boti?"

"Hatapanda."

Akainama kwenye chungu, na safari hii wote waliona koo lake likipanda na kushuka. Alikunywa yale maji huku machozi yanamtoka, kisha akamkabidhi Nduwayo mrija. Hakuna aliyepiga makofi. Gloriose ilibidi aufungue mkono wa Térence kidole kimoja kimoja.

Jumatatu Térence alipanda lori na dumu lake. Gloriose alisimama kando ya barabara na Ndizeye, jina lake kwenye orodha ya kambi limekwisha kuhamishiwa Ujiji. Alimpungia. Mzee akampungia, kisha akageukia mbele.

Watu wake wote walipokufa Gloriose hakulia, maana alikuwa anakimbia. Lori lilipokata kona ya kwenda Mwandiga alikaa chini kwenye vumbi, akamlilia baba.