Kitenge cha Mtu wa Jiwe

Mimi Faida simung'unyi maneno. Jumamosi ya kwanza ya zamu yetu ya kusafisha kanisa hapa ugenini Quakers Hill, nilimkuta mwanaume wa jiwe amelala chali karibu na altare, amevaa chuma mwili mzima, upanga kiunoni, mbwa wa jiwe naye miguuni. Mbwa, ndani ya kanisa! Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba walimwacha wazi. Maiti haiachwi wazi. Nikafungua kitenge changu kiunoni, nikamfunika mpaka kidevuni.

Binti yangu Yvette alitamani ardhi immeze. "Mum, please," akanong'ona. Nikamwambia ashike ufagio anyamaze.

Padri akatukuta hapo. Nilishajiandaa kugombana, kumbe mzee wa watu akavuta kiti na kuanza kueleza, Yvette akinitafsiria. Huyo alikuwa mpiganaji wa kupanda farasi, zamani sana huko Uingereza. Hii ni nakala ya kaburi lake. Waumini wa kwanza, waliotoka huko, waliichongesha wasije wakasahau kanisa la kwao. Na hata kaburi lenyewe ni tupu. Mtu alipotelea vitani ng'ambo, mwili haukurudi. Mkewe ndiye aliyeamuru achongwe, apate mahali pa kulilia.

Nilikaa chini sakafuni. Mume wangu Wilondja, watu wenye silaha walimchukua njiani kule kwetu Fizi, nikiwa na mimba ya Yvette. Wakwe zangu walikataa matanga bila mwili. Basi mpaka leo sijui mimi ni mke au mjane, na kila mlango ukigongwa moyo unaruka.

"Mwambie padri," nikamwambia Yvette, "naomba aniazime huyu mtu wake. Siku moja tu."

Padri alikubali, macho yamemwiva. Mungu ambariki mzee yule.

Jumamosi iliyofuata wamama wa kwetu walikuja, wengine kutoka mbali huko Macquarie Fields, na masufuria ya sombe, majani ya muhogo. Tuliimba, tukamtaja Wilondja kwa sauti, nikalia mpaka nikasikia njaa. Nilikula vizuri siku hiyo. Na yule mke wa mpiganaji, ambaye hata jina lake silijui, nilimshukuru kama dada yangu wa tumbo moja.

Wakati wa kuondoka nikavuta kitenge changu, ambacho bado kilimfunika yule mtu wa jiwe. Yvette akanishika mkono. Huyu mtoto, ambaye, kama si kutafsiri, siku zote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akakirudisha taratibu mabegani mwa jiwe.

"Kiache, mama," akasema. "Baba atasikia baridi."