Kasa Walipomfuata Zuhura

Zuhura alikuwa anaanika makopa nyuma ya nyumba yake ya Nanyamba kasa wa kwanza alipoingia uani. Ilikuwa mchana, baada ya swala ya adhuhuri, mwezi wa sita mwaka 2003. Kasa alipita kando ya mkeka bila kukanyaga hata kipande kimoja cha muhogo, akaenda mpaka chini ya mkorosho, akaanza kufukua. Kuku waliokuwa pale wakahamia upande wa jua. Zuhura alimwekea maji kwenye beseni, maana kutoka baharini hadi Nanyamba ni mwendo hata kwa mwenye miguu.

Kwa kawaida kasa hutaga usiku, lakini huyu safari ilikuwa imemchelewesha. Alipita gulioni siku ya gulio, na dereva mmoja wa lori akazima injini kumsubiri avuke barabara.

"Huyu ametoka kwetu," Zuhura alimwambia jirani yake Asia, aliyekuja kuomba moto.

"Naona. Ana mchanga mweupe mgongoni," Asia alisema. Akachukua kaa lake la moto, akaenda zake.

Kwetu, kwa Zuhura, kulikuwa Litokoto, kijiji kilichokuwa ufukweni karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini. Mwaka uliotangulia lilikuja shirika moja lililokuwa linaleta vijana kutoka Ulaya. Vijana hao walikuwa wamemaliza sekondari, na kabla ya kuingia chuo walipewa na wazazi wao mwaka mzima wa kuiona dunia. Walitakiwa walinde kasa kwanza, kisha wapande kwa miguu nyanda za Wamakonde, kisha wamalizie mbugani kutazama tembo. Walikuwa vijana wema. Walicheza mpira na watoto na walijifunza kuamkia wakubwa.

Shirika lilisema wanakijiji wanakula mayai ya kasa. Ilikuwa kweli. Zuhura mwenyewe alishayala na hakuficha. Lakini kasa walizidi kuja kila mwaka, wakataga karibu na mlango wake, na yeye akawafukuzia mbwa.

Ukaitishwa mkutano. Mkalimani alikuwa Rosalina. Mama yake Rosalina alivuka Ruvuma akikimbia vita vya Msumbiji, akafia upande huu, akamwacha mtoto mgongoni kwa Zuhura. Zuhura na mumewe Jafari walimlea, na ingawa wao walikuwa Waislamu, walimpeleka kwa masista asome na abaki na dini ya mama yake. Kwa masista ndiko alikopata Kiingereza.

Kiongozi wa shirika, Bwana Martini, alisimama akasema kwamba nyumba zote za ufukweni zitaondolewa na wenyewe hawatarudi tena. Rosalina alitazama watu waliokaa chini. Zuhura, mama aliyemlea, alikuwa mbele kabisa, kanga begani, anamtazama mdomo kwa fahari, kama siku aliposoma risala kwa masista.

"Anasema mtapumzika bara kwa muda," Rosalina alitafsiri. "Mpaka kasa watulie."

Hakuna aliyebisha. Watu walibeba milango na vyungu vyao, wakaiacha minazi. Zuhura aliliacha pia kaburi la Jafari, aliyefariki miaka michache kabla.

"Mpalilie baba yako," alimwambia Rosalina, aliyebaki ufukweni na kazi ya shirika. "Nikirudi nisikute majani."

Rosalina akapalilia.

Msimu wa kutaga ulipofika, vijana wanane walikaa ufukweni na tochi zao. Kasa wakatoka majini, wakanyanyua vichwa, wakatazama pale nyumba zilipokuwa. Kisha wakapita katikati ya mahema, wakashika barabara ya Nanyamba. Jambo hilo liliharibu ratiba. Bwana Martini alifikiri kidogo, akaamua safari ya miguu ianze mapema na ifuate kasa. Kwa hiyo vijana wakapanda mlima na mabegi mgongoni, Rosalina mbele yao, kasa mbele ya Rosalina. Mwendo uliwafaa waliochubuka miguu. Msichana mmoja, Hana, alimfunika kasa aliyekuwa nyuma ya wenzake kwa mwavuli wake, na hakuufunga mpaka walipofika.

Uani kwa Zuhura walikuta kasa wengine wameshatangulia. Zuhura alikuwa kwenye makopa yake.

"Shikamoo mama," alisema Rosalina.

"Marahaba mwanangu. Umekonda." Zuhura alimshika mkono, hakuuachia. "Sasa kasa wametulia? Nilipowaona hawa, nilisema labda wameniletea habari. Nifunge mizigo?"

Hana akauliza mama amesema nini.

"Anasema karibuni," Rosalina akamjibu kwa Kiingereza.

"Mbona amesema maneno mengi?"

"Anawakaribisha sana."

Zuhura alikuwa hajui Kiingereza, lakini alimjua binti yake. Aliutazama ule mdomo kwa muda mrefu.

"Rosa. Huyu umemwambia kama ulivyotuambia sisi?"

Kasa mmoja alikuwa anafukia mayai yake, na mchanga ukawa unawarukia miguuni.

"Siku ile alisema hamtarudi," Rosalina alisema. "Alisema vile tangu mwanzo. Sikuweza kukwambia mbele za watu, mama. Na baadaye sikuweza tena."

Zuhura aliuachia mkono wake. Akainama, akageuza makopa upande wa pili, kipande kwa kipande, mpaka mwisho wa mkeka.

"Ningegoma," alisema. "Pengine wangenitoa tu. Lakini ningegoma, na Jafari angelala akijua nimegoma."

Ndipo Rosalina akamgeukia Hana, akamtafsiria yote bila kupunguza, pamoja na kosa lake mwenyewe. Hana alilia. Jioni ile alimwendea Bwana Martini, naye akamsikiliza kwa upole sana. Alisema inasikitisha, ila suala la ufukwe lilikwisha. Lililobaki ni mayai ya Nanyamba, ambayo nayo lazima yalindwe. Wakasimika miti na kuzungusha kamba. Jiko la Zuhura likawa ndani ya kamba, na nyumba yake pia.

Gari la kwenda mbugani lilikuja siku iliyopangwa. Hana alimkumbatia Zuhura, akapunga mkono mpaka kwenye kona. Mayai yalipoanguliwa, vijana walikuwa wanatazama tembo.

Zuhura alihamia Chuno, mjini Mtwara, kwenye chumba cha kupanga. Watoto wa kasa walipita chini ya kamba, wakateremka mlima kwa mstari hadi mjini. Bahari ilikuwa karibu, lakini waliiacha, wakaingia uani kwake. Mwenye nyumba aliuliza kama wanachafua. Zuhura alisema hapana, na mambo yakaishia hapo.

Rosalina aliendelea na kazi, kwa kuwa msimu uliofuata kulikuja vijana wengine na walihitaji mkalimani. Sikukuu ya Idd alimtembelea mama yake, amebeba sukari na mchele. Alimkuta anachambua kisamvu. Alivua viatu, akakaa chini kama zamani, akavuta fungu lake la majani.

Zuhura alilichukua lile fungu kutoka mkononi mwake, bila hasira, akaingia ndani na kutoka na kiti. Akakipangusa kwa pindo la kanga.

"Kaa hapa. Mgeni hapewi kazi."

"Mgeni siku mbili, mama," Rosalina alisema, akijaribu kucheka. "Ya tatu mpe jembe."

"Ni kweli," Zuhura alisema, akamwekea maji ya kunywa kwenye bilauri ya wageni. "Hiyo ya tatu haijafika."