Udongo wa Migomba

Samaki wa Bwana walikuwa hawajafika, na Anaclet alikuwa bado anatafuta udongo wa kuwatandikia.

Bwana, Mzungu aliyemwajiri kazi za nyumbani, alimwachia sanduku kubwa la kioo pale sebuleni pamoja na maneno machache: chini udongo wenye nguvu, ili majani ya maji yakamate, juu yake changarawe, juu kabisa mchanga wa ziwa. "Ukifanya vizuri, nitasema kwa ajili ya bibi yako."

Neno hilo lilimkosesha Anaclet usingizi. Bibi huyo, mke wake Colombe, alikuja Bukavu na mtoto wao Noëlla kwa ruhusa ya Wabelgiji ya kutembea mjini siku chache tu, na ruhusa ilikuwa inakwisha. Bila Mzungu wa kumsemea ofisini, angerudishwa Walungu.

Udongo mwekundu wa kilima aliukataa. Ukilowa, maji yanakuwa chai. Tope la kinamasi alilinusa, akalimwaga. Mwisho akaenda kwa mama yake Walungu, kwenye migomba inayolishwa mavi ya ng'ombe. Kwa Washi, kabila lake, mmea ukipewa mavi ya ng'ombe umeheshimiwa. Mama alijaza gunia kwa mikono yake, kisha akaongeza mavi mabichi ya asubuhi ile, kama anayemwongezea mgeni nyama.

Anaclet alipokwisha kutandika yote na kutia maji na majani, Colombe aliinama juu ya sanduku, akakunja pua.

"Papa Noëlla, nyumba gani iko na maji ndani, na benyewe habaombi kunywa?"

"Ya samaki. Hata mutoto anajua ile."

"Sasa samaki ya wapi inalala mu kiraro ya ngombe?"

"Acha muchezo, mama. Majani itakamata, utaona."

Yalikamata kweli. Yalisimama mabichi, manene, hata Madamu, mke wa Bwana, akawa anavuta kiti kuyatazama. Ndipo samaki wakaletwa, wakatiwa. Jumapili ambayo Bwana alikuwa amealika wageni ilipokaribia, mapovu yalianza kupanda kutoka chini, maji yakanuka, na samaki wote wakaelea matumbo juu.

Bwana hakupiga kelele. "Uliweka nini chini?"

"Mavi ya ngombe, Bwana. Kwetu ile ni kitu ya..."

"Ya kijinga."

"Na bibi yangu, Bwana?"

"Nilisema ukifanya vizuri."

Anaclet akaingiza mkono ang'oe kila kitu, lakini Madamu akamzuia. Majani yabaki, ni mazuri mno. Abadilishe maji tu. Akayabadilisha mpaka harufu ikaisha. Samaki wengine wakanunuliwa, hao wakaishi. Wageni walisifu sana bustani ya Madamu ndani ya kioo. Madamu akaona haya kidogo, akasema amejaribu tu. Anaclet alikuwa nyuma yake na sinia ya bia.

Siku ya Colombe kuondoka, Madamu alimpa Anaclet gunia tupu.

"Bibi yako ajaze humu udongo ule wa kwenu. Nataka sanduku la pili."

"Ndiyo, Madamu."

Colombe alikuwa tayari juu ya lori, mtoto mapajani.

"Ile gunia ni ya nini?"

Akamwambia, macho chini. Colombe akalipokea gunia, akalikunja, akamkalisha Noëlla juu yake, maana mbao zilikuwa na baridi.

"Umwambie Madamu, udongo wa mama yako iko na kazi yake ku migomba."

Dereva akawasha lori.