Swichi ya Dirishani

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Wateja wangu wa nguo wanajua, mume wangu ndiye anayejua zaidi. Lakini mwaka huu hasira hazikuwa za bure. Mama yangu, anayeishi peke yake, alijikwaa kwenye waya wa eksitensheni uliokatiza sebule yake, akaanguka, akateguka mguu. Nilipopigiwa simu nilikwenda kwake mbio.

"Unahamia kwangu," nikamwambia. "Stoo inageuka chumba chako."

"Nitakuja kukiona Jumamosi," akajibu. "Nikikipenda, nakaa. Nisipokipenda narudi kwangu, na usinibembeleze."

Mama yangu akisema, amesema. Basi nikaapa kwamba chumba kile hakitakuwa na hata waya mmoja sakafuni. Fundi umeme wa mtaani kwetu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo tangu azaliwe, alikubali tugawane kazi. Sisi tupange wenyewe na kuchimba ukuta, tuweke mabomba ya kupitishia nyaya na vile visanduku vya swichi na soketi. Yeye apitishe nyaya na kuunganisha na umeme.

"Ila waya usiguse, dada," akaniambia. "Hasira na umeme haviivi chungu kimoja."

Nilicheka, halafu nikanuna.

Kupanga sikushindwa, mimi ni fundi cherehani bwana. Niliunganisha makaratasi ya kukatia nguo mpaka yakatosha ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi dirishani, nikauchora kama ninavyochora gauni. Swichi ya taa kando ya mlango, usawa wa kifua, mtu akiingia tu aiguse. Soketi mbili upande wa dirisha, kitandani kwa mama: ya redio na ya feni. Mama macho yamemchosha, ameacha kushona mwaka wa pili sasa, nikaona anachohitaji ni kupumzika. Nikabandika karatasi ukutani, nikatoboa penye alama, nikapitisha chaki kwenye matundu mpaka ukutani, nikawahi kwa mteja wa sare.

Mume wangu, mwoka mikate, mtu mpole kupindukia, akashika patasi na nyundo. Alinipigia simu.

"Mke wangu, una uhakika na hii swichi?"

"Umeona alama?"

"Nimeiona."

"Basi chimba, usinipotezee muda!"

Akachimba. Nilipoingia chumbani Jumamosi asubuhi, visanduku vilikuwa vimekaa vizuri, saruji imelainishwa, na swichi ya taa iko dirishani. Soketi za kitandani ziko mlangoni. Nilishika kichwa. Sisi washonaji huweka alama upande wa ndani wa kitambaa ili chaki isionekane nje. Mkono umezoea, hauniombi ruhusa tena. Nilikuwa nimeigeuza karatasi, uso ukutani, mgongo kwangu!

"Si ungeniambia!" nikamfokea mume wangu.

"Nilikupigia."

"Ungepiga tena!"

Taratibu alikuwa amefika na mkoba wake. Alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema atangojea nje hali ya hewa itulie. Na hapo hapo nikasikia fimbo ya mama uani.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Chumba chenyewe kimejaa vumbi, ukuta umekosewa, na mimi nimekunja uso kama nimelamba ndimu. Nilijua atageuka na kurudi kwenye ile nyumba yake na ule waya wake, na safari nyingine anaweza kuanguka asipatikane mtu wa kumwinua.

Mama aliingia polepole. Aliupapasa ukuta kuanzia mlangoni, akapita soketi, akafika dirishani. Akasimama pale kwenye kisanduku cha swichi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Umeukata kinyume, mwanangu! Ukuta mzima!"

"Tutaziba, mama. Leo leo tunaziba."

"Weee! Hiki usikizibe." Aliweka kiganja chini ya kisanduku, akapima urefu wa meza kwa mkono. "Hapa ndipo cherehani yangu itachomekwa. Au ulitaka niichomeke wapi?"

"Cherehani?" nikauliza. "Si macho yamekataa?"

"Nani kakwambia?"

"Uliacha kushona, mama."

"Niliacha kwa sababu jirani kajenga ghorofa, kaniziba dirisha. Mle ndani mchana sindano haionekani. Waya ulioniangusha nilikuwa nauvuta nipeleke taa kwenye cherehani." Akanitazama. "Hukuniuliza. Ulikuja na kitanda na redio."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliniingia. Nilikuwa nimempangia mama yangu chumba cha kulala akingoja siku ziishe, kwa mapenzi yangu yote. Niliona aibu, nikamwomba radhi mbele ya mume wangu, na mume wangu ni shahidi kwamba hilo halitokei kila mwaka.

Mama akanyoosha mkono kutaka chaki. Akaweka alama ya swichi mlangoni, upande wake sahihi, akamwelekeza mkwewe pa kuchimba. Mkwewe akachimba bila kuuliza, mjanja huyo. Taratibu akaingia, akachukua kalamu aandike hesabu ya nyaya.

"Kwa hiyo, mama, hapa dirishani niweke soketi moja?"

Kwangu swali lilikuwa jingine kabisa: anakaa, au anarudi kwake?

"Mbili," mama akasema. "Huyu atahamisha cherehani yake akae hapa kando yangu. Mishono yake ya shingo bado inanitia aibu, na mimi siwezi kuirekebisha nikiwa mbali."