Baraka Niliyowapa Waingereza

Mimi si mchawi. Naanza na hilo, maana hapa Grand Prairie, ughaibuni, kuna watu tuliokula nao ubwabwa miaka kumi, na leo wakiniona dukani wanageuza toroli.

Mwaka 2018 Waingereza fulani walikuwa wanatengeneza filamu ya kutisha, ya bei chee, mchawi mwenyewe kapakwa unga usoni. Walitaka mama wa Kiafrika awarekodie laana kwa kilugha. Binamu yangu wa London akanitaja. Jamani, laana naijulia wapi mie, muuguzi, mlokole? Baada ya zamu nikajifungia ndani ya gari, nikarekodi kwa simu kitu pekee ninachokijua kwa moyo: baraka ya Kipare aliyonipa mama siku naolewa. Nikajisemea, nani atajua?

Filamu ikatoka. Mchawi anachinja mtoto, na sauti ni yangu! Kipande kikazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilijieleza mpaka koo likakauka. "Muulizeni Elimringi," nikawaambia. Mpare mwenzangu hapa ni yeye tu, mwenyekiti wa jumuiya yetu, na baraka hiyo hiyo aliitamka mwenyewe alipomwoza bintiye kule nyumbani Usangi. Elimringi akajikuna kidevu, akasema Kipare chake kimechakaa, hawezi kuthibitisha. Mnafiki mkubwa! Uchaguzi wa uenyekiti ulikuwa mwezi unaofuata.

Nikameza. Nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, kumbariki Queen, mwanangu wa pekee, siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Kwetu binti haondoki bila maneno hayo ya mzazi.

Ukumbi wa Cedar Hill ulikuwa na viti mia mbili, wakaja watu thelathini. Elimringi alikuwepo, tena meza ya mbele. Nikapewa maiki. Nikaweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, nikaanza. Sikumaliza hata sentensi. Queen aliushika mkono wangu, akaushusha taratibu, machozi yanamlenga.

"Mom, please," akaninong'oneza. "Sema chochote, ila siyo hayo ya kwenye filamu."

Kipare sikumfundisha, nilikuwa bize na zamu. Maneno ya bibi yake ameyasikia mara moja tu maishani, kwa mchawi mwenye kisu. Nikamtazama Elimringi, mtu pekee ukumbini aliyejua nilichotaka kusema. Alikuwa anakula pilau, macho kwenye sahani.

"God bless you," nikamwambia mwanangu, vile vile wanavyoambiwa watu hapa wakipiga chafya.