Mkono wa Kulia wa Lori Jipya

Jumanne saa moja asubuhi, Yeoville, Johannesburg, lori jipya la taka liligonga kifuniko cha pipa mara mbili kabla ya kulinyanyua. Thivhulawi alikuwa dirishani akila pap, ugali wa jana, kwa mkono wa kushoto. Akaacha kula.

Hodi ile ilikuwa yake. Kwa miaka kumi na tisa alikimbia nyuma ya lori la zamani, na kila pipa aliligonga mara mbili, kwa kuwa wakati wa baridi kuna watu hulala humo, na bamba la kushindilia taka halichagui. Wenzake walimcheka weee mpaka wakachoka. Mwishowe bamba hilo likamla yeye mkono wa kulia, hadi kiwikoni. Kitufe cha kulisimamisha kilikuwa kibovu tangu Pasaka na karakana nzima ilijua. Kampuni ikaandika "uzembe" kwenye faili lake, ikamfukuza. Hata pole hawakumpa, washenzi wale.

Lori jipya lilitumia betri. Lilikuwa na kamera sita, na ubavuni mkono mmoja wa chuma uliochukua nafasi ya wapakiaji wanne. Kampuni ilitangaza magazetini kwamba sekta inakua. Kweli ilikua. Mwezi wa pili ule mkono uliota kucha, wa tatu ngozi, wa nne vinyweleo, na sasa ulikuwa na kovu chini ya kidole gumba, pale Thivhulawi alipojikata na kopo la samaki wa pilchadi mwaka aliooa.

Akatoka na kandambili zake, akasimama mbele ya lori.

"Mbuyiseni, huo mkono ni wangu."

"Najua, baba," dereva akajibu bila kuzima lori. "Nimeujua tangu una kucha tu. Lakini ya mikono nenda ofisini. Mimi hapa nikijikuna tu, kamera inaniandika."

Ofisini, Bi Refilwe, meneja wa teknolojia, hakumwonyesha kiti.

"Ntate, mzee wangu, hatubishi. Ulikuwa wako. Sasa ni wa lori."

"Basi nirudishieni. Au nirudisheni kazini, mlifute hilo neno uzembe."

"Kazini? Mkono wenyewe unachapa kazi kuliko ulipokuwa na wewe. Hauumwi, hauendi mazishini kwenu Limpopo kila mwezi. Miji mitatu imeshaagiza malori kama hili."

"Na hiyo mikono mingine mtaitoa wapi?"

"Bado tuna malori mia moja ya zamani barabarani, Ntate," Bi Refilwe akasema, akiendelea kutafuta karatasi kwenye droo.

Karatasi ilisema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi, na kwamba mkono ni mali ya kampuni pamoja na kucha zake. Chini palitakiwa alama ya gumba la kulia la mhusika.

"Siweki," Thivhulawi akasema. "Hata mniue, siweki."

"Nani kakuomba wewe?"

Wakashuka uani, ambako lori lilikuwa limerudi kuchajiwa na karani alikuwa ameketi mezani na faili. Bi Refilwe akafungua kisahani cha wino. Mkono ukainama wenyewe, kwa utiifu uleule uliomfanya Thivhulawi akubali zamu za Krismasi miaka yote ile. Alipouona ukiinama, aliuchukia. Akaushika kwa mkono wa kushoto na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Ulikuwa na joto. Ulimsukuma pembeni polepole, ukabonyeza gumba kwenye karatasi.

Karani akailinganisha alama hiyo na ile ya kwenye faili la ajira. Zilifanana mstari kwa mstari. Thivhulawi alikuwa bado hapohapo, hatua mbili kutoka mezani, akipiga kelele kwamba hakubali. Karani akamwomba apunguze sauti, akapiga muhuri: mhusika amekubali kwa hiari yake.