Robine ya Katoyi

Jumamosi asubuhi Nshobole alikuwa mlangoni pake, mtaani Katoyi, akimenya viazi na kutunga ubeti. Watoto wa jirani walipopita na madumu ya manjano wakielekea ziwani, aliwafundisha. Waliuimba mbele ya robine ya mtaa, mfereji wa maji uliokuwa mkavu tangu ujengwe, kwa kuwa chini yake hapakuwa na bomba. Maji yakatoka. Watoto wakajaza madumu, naye Nshobole akamaliza viazi vyake.

Hakushangaa. Tangu aache ualimu alikuwa ametunga kila kinachoimbika na mtoto: nyimbo za komunio ya kwanza, wimbo wa redio wa kunawa mikono, bembelezi za kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, hata igizo la kuku aliyekataa kuwa supu. Tangazo lake la sabuni liliwahi kutoa povu studioni, na mtangazaji akalaumu mashine. Jambo moja tu hakulikubali kamwe: kuwaimbisha watoto uongo.

Punde akaja Gauthier, mkurugenzi wa mradi uliojenga robine. Alikuwa amesikia habari za maji, na sasa alitaka uzinduzi wenye utepe, wageni na viti vya plastiki.

«Mama Nshobole, wimbo iko muzuri,» alisema. «Utie jina yangu mule. Useme ni mimi nilileta mayi.»

«Papa Directeur, batoto banajua ni nani alileta mayi.»

«Ukikatala, nitafunga robine.»

Nshobole alikasirika. Njia ya ziwani ilipita penye malori, na binti wa Kanyere, jirani yake, alikanyagwa huko mwaka jana. Akapiga moyo konde, akalitia jina.

Siku ya uzinduzi watoto walivaa nguo za misa, wakauimba ubeti wa mkurugenzi. Robine ikakohoa, ikatema vumbi jeusi la volkeno juu ya viatu vya wageni, ikanyamaza. Gauthier aliipigapiga mgongoni. Wageni walingoja kwa adabu.

Kanyere alisimama nyuma ya viti, dumu lake tupu kichwani. «Mama Nshobole,» aliita, «urudishie batoto wimbo yabo!»

Nshobole akainua mkono. Watoto wakaimba maneno yao ya kwanza, kwa sauti ya kupasua anga, na maji yakaruka kwa nguvu hata yakakata utepe kabla mkasi haujafika. Akina mama wakapiga vigelegele, wakasukuma viti, wakapanga madumu. Kanyere alijaza lake akilia na kucheka. Nshobole akavua viatu, akacheza ndani ya maji yale mwanamke mzima, na furaha yake haikuwa na mfano.

Katika hotuba yake, Gauthier aliushukuru mradi kwa kazi nzuri. Jumatatu, kama alivyotishia, akatuma mafundi walikate bomba.

Mafundi walichimba tangu asubuhi, wakafika kwenye mwamba wa lava, mgumu na mkavu. Juu yao watoto waliimba na maji yakamwagika. Jua lilipowachoma sana, Kanyere aliwapa kikombe. Wakanywa wote, wakashukuru, wakafukia shimo, kisha wakapeleka habari ofisini kwamba bomba la Katoyi ni zima kabisa na halihitaji kitu.